Sura ya Nne: Sleng Teng, Sauti Zake na Masikio ya Bumula

Matatu inayotoka mjini Bungoma kwenda Bumula inaweza kumaliza safari nzima ndani ya mdundo mmoja. Besi huanza kunguruma stendi, ikavuka mashamba ya miwa na mahindi, na abiria wa mwisho anaposhuka sokoni besi ni ile ile na ngoma ni zile zile. Asiyezoea atadhani kasikia wimbo mmoja usiokwisha. Vijana wa kiti cha nyuma watamwambia kwamba wamepita waimbaji sita au saba, na watamtajia kila mmoja aliingia wapi, alisema nini, na nani kamzidi mwenzake.

Kitu wanachokisikiliza huitwa ridimu. Katika rege ya Jamaika, na hasa katika dansiholi, mdundo na wimbo ni vitu viwili vinavyoweza kuachana. Prodyuza hurekodi besi, ngoma na kinanda, akaupa mdundo huo jina lake lenyewe, kisha akawaita waimbaji mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja huja na melodia yake na maneno yake. Mdundo wa Real Rock, uliopigwa na bendi ya Sound Dimension pale Studio One mwaka 1967, umepandwa na waimbaji wa vizazi vitatu. Mwaka 1970 U-Roy alichukua nyimbo za zamani za studio ya Treasure Isle, akazungumza juu yake kwa vina, na Kingston nzima ikasimama kumsikiliza. Mwaka 1974 Rupie Edwards akatoa albamu ya Yamaha Skank, ambayo kila wimbo wake umekaa juu ya mdundo mmoja. Desturi, basi, ilikuwa imekomaa kabla ya mwaka 1985. Kilichotokea mwaka huo ni kwamba chombo kilibadilika, na chombo hicho ni cha aina ambayo watu wa Bungoma wanaijua vizuri.

Mwaka 1980 kampuni ya Casio ya Japani ilimwajiri mwanamke kijana aliyekuwa ametoka chuoni, Hiroko Okuda. Alikuwa amesomea muziki katika chuo cha Kunitachi, Tokyo, na tasnifu yake ya kuhitimu ilihusu rege. Miongoni mwa kazi zake za mwanzo ilikuwa kutunga midundo ya kuwekwa ndani ya kinanda kidogo kilichoitwa MT-40, kilichoingia sokoni mwaka 1981. Unabonyeza kitufe, kinanda kinakupigia ngoma na besi, nawe unacheza juu yake. Mmoja kati ya midundo hiyo ulipewa jina la roki. Mashabiki wamebishana miaka mingi kuhusu wimbo gani wa roki uliomwongoza Okuda. Kwangu mimi jambo kubwa ni jingine: msichana wa Tokyo aliyeipenda rege hadi akaiandikia tasnifu alitunga mdundo wa roki, na vijana wa Kingston walipoubonyeza walisikia rege. Mapenzi yake yalikuwa yamejificha kwenye besi.

Vijana hao walikuwa Noel Davey na Wayne Smith, wa mtaa wa Waterhouse. Davey ndiye aliyekuwa na kinanda. Smith, ambaye hakuwa amefikisha miaka 20, ndiye aliyekuwa na sauti. Waliupeleka mdundo kwa Lloyd James, anayejulikana kama King Jammy, fundi wa mitambo aliyekulia mikononi mwa King Tubby. Jammy akaupunguza kasi, akaongeza piano, akamrekodi Smith. Wimbo ukaitwa Under Mi Sleng Teng. Maneno yake yanaisifu bangi na kuikataa kokeini, na kwa Waterhouse ya wakati ule, ambako kokeini ilikuwa imeanza kuingia, kukataa huko kulikuwa na uzito ambao leo wasikilizaji wengi hawausikii tena.

Tarehe 23 Februari 1985, Jammy alikutana na saundi ya Black Scorpio kwenye Barabara ya Waltham Park, Kingston. Mashindano ya saundi ni mapambano ya mitambo. Kila upande huleta spika zake, selekta wake na santuri ambazo mwenzake hana, na umati ndio hakimu. Jammy alipoucheza mdundo mpya, umati ukampa ushindi. Mdundo usio na mpiga ngoma wala mpiga besi ulikuwa umewashinda wapigaji wa nyama na damu, na katika miezi iliyofuata maprodyuza wa Kingston walikimbilia vinanda na kompyuta. King Tubby mwenyewe, mwalimu wa Jammy, alijibu mwaka huo huo kwa ridimu ya Tempo, ambayo Anthony Red Rose aliiwekea sauti. Wanamuziki wa studio waliokuwa wakilipwa kwa siku walianza kukosa kazi. Sitaipamba habari hiyo. Watu waliojua kupiga besi kwa vidole walipoteza ugali wao kwa sababu ya kitufe, na rege haijawahi kulipa deni hilo sawasawa.

Tuje kwenye sauti, maana bila sauti Sleng Teng ingebaki mlio wa kinanda.

Wayne Smith anaimba kwa wepesi, karibu na mazungumzo, kama mtu anayekupa habari akiwa anatembea. Msikilize kisha umweke Johnny Osbourne, aliyeimba Buddy Bye juu ya mdundo ule ule. Osbourne alizaliwa mwaka 1948. Alikuwa ameshapita Studio One na kutoa albamu ya Truths and Rights, na alipofika kwa Jammy alileta koo lililofunzwa na muziki wa zamani. Anaivuta silabi, anaiacha ielee juu ya besi, anarudi bila haraka. Mashine inakimbia chini yake, yeye hakimbii. Wale walioogopa kwamba kompyuta ingeua uimbaji walipaswa kumsikiliza Osbourne kwanza.

Tenor Saw ndiye ninayemrudia zaidi. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Clive Bright. Sauti yake ina kilio cha kanisani, kilio kisichotaka huruma ya mtu, na katika Pumpkin Belly alikiweka kilio hicho juu ya Sleng Teng kwa kutumia swali la wazee wa Jamaika: maji yaliingiaje ndani ya boga? Hicho ni kitendawili kabisa, cha aina ambayo mtoto wa Kibukusu hutegewa jioni karibu na moto. Mdundo wa kisasa kuliko yote ya wakati wake, na ndani yake msemo wa bibi. Tenor Saw alifariki Agosti 1988 huko Houston, Marekani, akiwa na miaka 22 tu. John Wayne naye aliingia na Call the Police kwa mtindo wa dijei, maneno yakimwagika kwa kasi. Jammy akawakusanya wengi wao katika albamu ya Sleng Teng Extravaganza mwaka ule ule wa 1985. Tangu hapo waliopanda mdundo huo ni mamia.

Kuna wanaosema kwamba ridimu ni uvivu: mtu anashindwa kutunga mdundo wake, anaazima wa mwenzake. Nayakataa maneno hayo kwa moyo wote. Mdundo ukiwa wa kila mtu, mwimbaji hana pa kujificha. Huwezi kusema wimbo wako umependwa kwa sababu ya besi, kwa kuwa besi wanayo wote. Kinachobaki ni koo lako, akili yako na ulilokuja kusema. Msikilizaji naye hupata kipimo cha haki ambacho aina nyingine za muziki hazimpi, na ndiyo maana wale vijana wa kiti cha nyuma wana hukumu kali na sahihi kuhusu nani kamzidi nani.

Sikio la namna hiyo halikuletwa Bumula na kaseti za Jamaika. Lilikuwapo.

Ingia Jumapili katika kanisa la Kipentekoste katika kaunti ya Bungoma, lenye ukuta wa matofali au wa udongo, lenye spika mbili mbele. Mpiga kinanda anachagua mdundo, anabonyeza, na kiongozi wa sifa anaanzisha pambio. Pambio la kwanza likiisha kinanda hakizimwi. Kiongozi anaingiza la pili, mwingine anaingiza la tatu, la Kiswahili linafuatwa na la Lubukusu, hadi wanaocheza mbele wanalowa jasho, na mdundo ni ule ule alioubonyeza mpiga kinanda nusu saa iliyopita. Waumini hawa hawajawahi kumsikia King Jammy, na wengi wangekasirika wakiambiwa kwamba ibada yao ina undugu na nyimbo za bangi. Undugu upo hata hivyo: mdundo uliotungwa kiwandani Japani, na watu wanaojua kwamba kazi yao ni kuupandia kwa sauti.

Rudi nyuma zaidi, kabla ya umeme. Agosti ya kila mwaka wa shufwa, kama 2022 na 2024, Wabukusu hutahiri. Kijana anayejiandaa hupita kwa jamaa zake kuwaalika akiwa ameshika chinyimba, kengele za chuma anazozigonga kwenye bangili za mikononi, na kundi linamfuata likiimba. Kiongozi wa wimbo ndiye wa kumtazama hapa. Itikio linajulikana na kila mtu, mapigo ya chinyimba hayabadiliki, melodia imerithiwa. Lakini maneno ya kiongozi ni ya siku hiyo. Anamtaja baba wa kijana, anamkumbusha mjomba ahadi yake, anamdhihaki mwoga, anausifu ukoo, anagusa siasa za kata. Akirudia maneno ya jana, wanaomjua wanamwona amechoka. Akileta jipya, itikio linapanda juu. Wimbo wa Sioyaye umewekewa asubuhi ya mwisho, kijana anapotoka mtoni akiwa amepakwa tope, na hauimbwi ovyo. Katika siku zinazotangulia, uwanja ni wa viongozi wa nyimbo, na viongozi hao ni ndugu wa U-Roy kwa ufundi, ingawa hawajawahi kukutana.

Hata gitaa la Magharibi mwa Kenya lilifuata njia hiyo. Mtindo wa omutibo aliouvumisha George Mukabi, aliyeuawa mwaka 1963, ulirithiwa na wapiga gitaa wa vijiji vingi, kila mmoja akiweka visa vyake juu ya mpigo uleule. Shem Tube, Justo Osala na Enos Okola, waliojulikana kama Abana ba Nasery kutoka Bunyore, walishika mpigo wao kwa chupa ya Fanta. Chombo cha viwandani kikageuzwa ngoma muda mrefu kabla ya Noel Davey kubonyeza kitufe.

Nitaongeza jambo moja ambalo si la ufundi wa muziki. Ujumbe wa rege, wa mtu mweusi anayedai utu wake na ardhi yake kwa jina la Mungu asiyekuwa wa mkoloni, ulikuta Bungoma watu waliokwisha kuusikia kwa lugha yao. Elijah Masinde wa Kimilili alianzisha Dini ya Msambwa, akakataa kodi na amri za Waingereza, akawekwa kizuizini mara nyingi, na hata serikali ya uhuru ilimfunga. Mwaka 1948 polisi wa kikoloni waliwapiga risasi wafuasi wake huko Malakisi, jirani kabisa na Bumula, na watu wakafa. Mzee aliyekua akisimuliwa Malakisi hahitaji kufafanuliwa Babiloni ni nani katika nyimbo za Jamaika.

Raga, yaani dansiholi ya midundo ya mashine, ilifika huku kwa njia ambayo ramani inaieleza. Barabara kuu ya kutoka Kampala inaingia Kenya pale Malaba, inapita Bungoma na Webuye, kisha inapanda kwenda Eldoret na Nairobi. Miaka ya 1990 Uganda ilikuwa mbele yetu kwa raga. Ragga Dee na Shanks Vivi D walikuwa wakiimba kwa Kiganda juu ya midundo yenye asili ya Jamaika, na kaseti zao zilivuka mpaka pamoja na ndizi na vitenge. Kisha wasanii wenyewe wakavuka. Jose Chameleone na Bebe Cool walifanya kazi Nairobi na prodyuza wa Ogopa DJs, na Chameleone akatoa Bageya pamoja na Redsan wa Kenya. Baadaye Bebe Cool aliungana na Nazizi na Wyre wa Necessary Noize kuunda East African Bashment Crew. Mabasi ya Kampala na Nairobi yalipita usiku kando ya mashamba ya Bungoma na muziki huo ndani yake, na vijana wa huku waliusikia kutoka pande zote mbili kwa wakati mmoja: Kiganda kikitoka magharibi, Sheng ikitoka mashariki.

Halafu ikaja Diwali. Ridimu hiyo, kazi ya Steven Marsden anayeitwa Lenky, ilienea mwaka 2002 na 2003, na mgongo wake ni makofi: makofi yaliyopangwa kwa mpigo unaoyumba, ambao mwili huuelewa kabla ya akili. Sean Paul aliufikisha wimbo wake wa Get Busy kileleni mwa chati ya Billboard ya Marekani mwaka 2003. Wayne Wonder akaimba No Letting Go kwa upole wa mtu aliyependa kweli. Lumidee, msichana wa New York, akaingia na Never Leave You. Elephant Man na Bounty Killer nao wakapita humo humo, Bounty Killer akilia kuhusu umaskini juu ya makofi yale yale ambayo mwenzake alikuwa akiyachezea mapenzi. Kwa Wakenya wa rika langu, Diwali ndiyo iliyotufundisha kusikiliza ridimu kwa makusudi. Sleng Teng tuliifikia kwa kurudi nyuma, tukiuliza nani aliyeanza.

Swali la nani aliyeanza ni swali la pesa pia. Mwaka 1982 Sister Nancy aliimba Bam Bam juu ya ridimu ya Stalag, ambayo Ansell Collins aliipiga mwaka 1973 kwa prodyuza Winston Riley. Wimbo huo ulisikika duniani kote, ukaingizwa kwenye filamu na nyimbo za wengine, na kwa zaidi ya miaka 30 mwimbaji hakupata haki yake. Alidai baada ya kuusikia kwenye tangazo la viatu mwaka 2014, na hapo ndipo alipoanza kulipwa. Jamaika ilipata sheria mpya ya hakimiliki mwaka 1993. Sleng Teng ilikuwa na miaka minane tayari. Casio, kwa upande wao, hawakuwashtaki Wajamaika, na nadhani rege inawiwa shukrani kwa ukimya huo. Wangeenda mahakamani mwaka 1985, sura hii isingekuwa na la kusimulia.

Kenya tuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, tena tuna vyama vya kukusanya mirabaha. Hata hivyo, muziki wa ridimu unatufikia kwa njia inayofuta majina. Zamani ilikuwa kaseti iliyonakiliwa mara nyingi, ikafuata CD ya miksi yenye picha ya simba na jina la dijei, na siku hizi ni flashi inayojazwa nyimbo kwenye kibanda cha sokoni kwa shilingi chache. Dijei wa miksi ana jina, na anastahili kuwa nalo, kwa kuwa kuunganisha sauti kumi juu ya besi moja bila kupoteza mpigo ni kazi ya ustadi. Waimbaji ndio wanaopotea. Wapo waliopigana na upotevu huo hewani. Marehemu Njambi Koikai, Fyah Mummah, aliyefariki Juni 2024, alikuwa na desturi ya emsii wa kweli: kuzungumza juu ya mdundo, kuamsha watu, kumleta mwimbaji mbele ya wasikilizaji. Sauti yake ilikuwa ya kike katika fani iliyojaa wanaume, na iliibeba rege ya Kenya kwa miaka mingi.

Wayne Smith alifariki Februari 2014, akiwa na miaka 48. Mdundo wake haujapumzika. Tangu mwaka 2023 vijana wa Nairobi wanaojiita wa Arbantone wamekuwa wakichota midundo ya zamani, ya Jamaika na ya Kenya, wakiipandia kwa Sheng mpya, na midundo hiyo ina umri mkubwa kuliko wao. Bodaboda wa Bumula wanazicheza nyimbo hizo kwenye spika walizofunga chini ya usukani, na zinachanganyika na Lubukusu cha Sulwe FM kinachotoka dukani.

Lubukusu chenyewe kinangojewa kwenye Sleng Teng, na nina sababu za kuamini kwamba kitakaa vizuri. Ni lugha yenye irabu ndefu na fupi zinazotofautishwa waziwazi, na besi ya Okuda inaacha nafasi mwishoni mwa kila mzunguko, mahali ambapo Osbourne aliiacha silabi yake ielee. Mwimbaji wa Lubukusu hatalazimika kukata maneno yake ili yatoshe pale, kama wanavyofanya wengi wanapoiga Kijamaika. Litungu, kinubi cha Wabukusu, nalo lina nyuzi saba na hupigwa kwa mzunguko mfupi unaojirudia, mpigaji akisimulia juu yake habari za mashujaa na za wafu. Litungu likiwekwa mahali pa piano ya Jammy, kasi ikashushwa kidogo tena, kiongozi mmoja wa nyimbo za Agosti anayejua kumtaja mjomba kwa jina na kumkumbusha ng'ombe aliyemwahidi atakuwa na kila anachohitaji. Ala ya mdundo inapatikana kwenye simu, bure. Studio ndogo zipo mjini Bungoma, na kutoka Bumula nauli ya kufika huko si kubwa.